Namna ya kusoma habari za tiba ya uti wa mgongo, ukiwa na mgonjwa nyumbani

Miaka sita iliyopita, msimu wa karafuu umepamba moto, kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, huku kwetu Wete. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Kila mchumaji anajua, na kila mchumaji anapanda. Wanaume wanne walimbeba mbio, wawili mikono, wawili miguu, mgongo umebonyea katikati, wakampakia garini. Walifanya kwa mapenzi. Ila kabla sijafika kwa wanasayansi naomba hili lishikwe: mtu akianguka kutoka juu akawa hasogezi miguu, mwacheni alale alivyo. Mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, wengine watafute ubao au hata mlango. Kisha mgeuzeni kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia, ndipo mmbebe juu ya ubao huo.

Kaka alivunjika mfupa wa kumi wa uti wa mgongo, usawa wa kifua, na ndani ya mfupa ule ugwe ukapondeka. Ugwe ndivyo nitakavyouita hapa ule mkanda wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, maana wengi wakisikia "uti wa mgongo" hufikiria mifupa tu. Mifupa ya kaka iliunga zamani. Ugwe haukuunga.

Tangu siku zile haipiti wiki bila ndugu kututumia video kwenye simu. Panya aliyepooza anatembea. Profesa wa Ulaya amegundua dawa ya kuotesha neva. Mama huitazama mara tatu nne, kisha hunijia na simu mkononi: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Niambie, ya kweli hii?" Nafundisha bayolojia sekondari, basi swali hilo limekuwa langu. Mwanzoni nilimjibu kwa moyo tu, leo ndiyo, kesho hapana, kulingana na nilivyoamka. Sasa nina utaratibu wa kusoma, nao ndio ninaouandika hapa kwa ajili ya nyumba zenye mgonjwa kama wetu. Nitapitia utafiti wa mtu mmoja, Martin Schwab wa Zurich, Uswisi, kwa kuwa ndio niliousoma kuanzia sahani za maabara mpaka matokeo yake kwa binadamu.

Anza na mgonjwa wako

Tafuta daftari. Ukurasa wa kwanza usiwe wa panya, uwe wa mgonjwa: ameumia usawa gani, herufi yake ni ipi, na siku aliyoumia. Herufi ni za kipimo kiitwacho ASIA, kuanzia A hadi E. Mwenye A hana hisia wala nguvu mpaka kwenye neva za mwisho kabisa za ugwe. Mwenye B amebakiwa na hisia bila nguvu. C na D wana nguvu kiasi chini ya jeraha, D akimzidi C. E vipimo vyake vimerudi kawaida.

Nilimwomba daktari nibaki nione anavyopima. Alikuwa na pamba na pini tu. Kaka amefumba macho, daktari anagusa kuanzia mabegani akishuka, kulia na kushoto: "Kali au butu?" Kali. Kali. Kali. Usawa wa kitovu kaka alisita. Vidole viwili chini ya kitovu akauliza, "Umeshanigusa?" Pini ilikuwa imemgusa mara tatu. Kisha nikatolewa nje, kwa sababu kipimo cha mwisho ni cha sehemu ya siri: daktari hugusa ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, halafu hupima kwa kidole kama mgonjwa anahisi na kama anaweza kubana. Watu huona haya kuulizia kipimo hiki, na hicho ndicho kinachomtenga A na wenzake. Neva za hapo ndizo za mwisho kwenye ugwe; zikijibu, maana yake zipo nyuzi zilizovuka jeraha zikiwa hai. Kama herufi haikuandikwa kwenye karatasi za hospitali, rudi ukaiombe. Ni haki yenu. Kaka ni A.

Nang'ang'ania ukurasa huu kwa sababu mwili wenyewe hujirudi kidogo. Katika watu 100 wanaopimwa A siku za mwanzo, kama 80 hubaki A baada ya mwaka, 10 hivi huhamia B, na 10 hivi hupata mwendo fulani wa misuli. Hao 20 hawakupewa dawa yoyote ya kuotesha neva. Sasa mchukue tabibu anayemdunga kila mgonjwa dawa yake wiki ya pili baada ya ajali: hao 20 wote atawahesabu kuwa wake, na picha zao atazibandika ukutani bila kusema uongo hata mmoja. Kwa hiyo habari yoyote inayosema "wagonjwa walipata nafuu", iulize: walilinganishwa na nani?

Kisha litafute swali la mtafiti

Video ya simu huanzia mwisho, pale panya anapotembea. Wewe anzia kwenye swali alilokuwa nalo mtafiti, maana jibu halizidi ukubwa wa swali.

Neva ya mkono au ya mguu ikikatika huweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku. Nyuzi za ugwe hazifanyi hivyo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeshinda miaka mingi kwenye darubini akizichora neva, aliandika mwaka 1913 na 1914 kwamba kwa mtu mzima njia hizi zimekwisha kufungwa, akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hukumu hiyo. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipachika kama daraja kati ya sehemu ya chini ya ubongo na ugwe. Nyuzi ambazo zilisemwa haziwezi kuota zikaingia darajani zikaenda zake. Zilipofika mwisho wa daraja na kutaka kuingia tena ndani ya ugwe, zikasogea kidogo tu, zikasimama.

Uzi, basi, uwezo wa kuota unao. Mahali ndipo panapokataa. Lakini panakataa kwa sababu chakula hakuna, au kwa sababu kipo kitu kinachozuia? Hili ndilo lililokuwa swali la Schwab.

Jaribio lake la mwaka 1985, alilofanya na Hans Thoenen, nimewahi kulichora ubaoni mbele ya kidato cha nne, na chaki moja ilitosha. Chora seli za neva katikati ya sahani. Kulia weka kipande cha neva ya mguu, kushoto kipande cha neva ya jicho, ambayo kwa umbile lake ni ndugu wa ugwe na ubongo. Zilishe seli hizo kila kirutubisho cha kuotesha neva ulicho nacho, kisha subiri wiki kadhaa. Upande wa kulia nyuzi zilikuwa zimejaa ndani ya neva ya mguu. Kushoto, patupu. Chakula kilikuwa kingi pande zote mbili, kwa hiyo si njaa, ni kizuizi. Mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza, "Sasa mwalimu, si wakiondoe?" Nilifurahi sana siku ile, kwa kuwa Schwab naye alikwenda huko huko.

Mwaka 1988, yeye na Pico Caroni walionyesha kwamba kizuizi kimo kwenye mayelini, ile ala ya mafuta inayozivika nyuzi za ubongo na ugwe, wakatengeneza kingamwili, yaani protini inayonasa kitu kimoja tu, ya kukifunga mdomo. Mwaka 1990, Lisa Schnell na Schwab waliwakata panya wadogo baadhi ya nyuzi za ugwe, wakawapandikizia ubongoni seli zinazotoa kingamwili hiyo bila kukoma. Baada ya wiki mbili tatu, nyuzi kadhaa zilikuwa zimeota milimita 7 hadi 11 kupita jeraha. Kwa panya wasiopewa, hazikufika hata milimita moja. Mwaka 2000 jeni ya kizuizi kile, ambacho ni protini, ikajulikana, nayo protini ikaitwa Nogo, kwa maana ya "hapapitiki".

Milimita, jeraha na siku

Hapo ndipo ndugu zangu wengi husimama na kushangilia, na mimi nawaomba mpige hatua moja mbele. Chukua rula. Milimita 11 ni kama upana wa kidole changu cha mwisho. Ugwe wa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi. Na zilizofika huko ni nyuzi chache, si zote zilizokatwa.

Angalia pia aina ya jeraha. Yale ya maabara hukatwa kwa wembe au kifaa maalumu, mahali panapojulikana, kwa kina kinachojulikana. Mtu anayetoka juu ya mti ugwe wake hupondwa: damu huvuja, uvimbe huja, seli zilizosalimika siku ya kwanza hufa siku zinazofuata, na mwishowe hubaki shimo lenye majimaji, limezungushiwa kovu. Kovu lenyewe lina vizuizi vyake mbali na Nogo. Ukisoma kwamba dawa imetolewa siku ile ile ya jeraha, jua wamelitibu jeraha lingine kabisa na la kaka yangu la miaka sita.

Halafu uliza walipima nini kwa kutembea. Panya ana miguu minne, na ndani ya ugwe wake, chini ya jeraha, mna mitandao ya neva inayoweza kuendesha mwendo wa miguu ya nyuma kwa amri kidogo tu kutoka ubongoni. Binadamu tunasimama kwa miwili, tunategemea ubongo zaidi. Panya mwenye nyuzi chache zilizobaki anaweza kutembea vizuri. Mtu mwenye nyuzi chache zilizobaki huenda asisimame.

Mitandao hiyo hiyo ilitutoa machozi nyumba nzima. Mwezi wa tatu baada ya ajali, mama alikuwa akimfuta kaka miguu kwa maji ya vuguvugu. Ghafla goti la kulia likaruka, mguu ukajikunja wenyewe. Mama alipiga kelele, jirani wakaingia, mtu akaleta halua. Kaka alikuwa ameutazama mguu ule kwa macho makubwa. Mimi nilijua, na sikuwa na moyo wa kusema mpaka usiku. Ule ni mkakamao: ugwe chini ya jeraha bado uko hai, unaguswa na unajibu wenyewe kwa wenyewe, bila ubongo kujua. Dalili ya kupona ni mgonjwa kuamriwa, "Sogeza kidole gumba," nacho kikasogea, na akiamriwa tena kikasogea tena. Waelezeni wazazi mapema. Kuelezwa baada ya halua kunauma zaidi.

Kutoka kwa panya kufika kwa mtu

Kwenye daftari langu utafiti wa Schwab una ukurasa wenye miaka tu, kwa ajili ya mtu anayeniambia "mwakani dawa itakuwa imetoka". 1985, sahani. 1990, panya. 2006, nyani walioumizwa upande mmoja wa shingo, wakapewa kingamwili, wakarudisha ustadi wa vidole vizuri kuliko wenzao. Baadaye watu 52 wenye majeraha mapya, wote wakipewa dawa, kuangalia kama inadhuru. Haikuonyesha madhara ya kutisha. Ndipo likaja jaribio kubwa, NISCI, katika nchi nne: Uswisi, Ujerumani, Hispania na Jamhuri ya Czech. Wagonjwa walizidi 120, wote wameumia shingo, wote kati ya siku 4 na 28 baada ya ajali. Walidungwa mara sita kwenye maji yanayozunguka ugwe, wengine dawa, wengine kimiminika kisicho na dawa, pasipo mgonjwa wala mpimaji kujua nani kapata nini.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2024. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja, nguvu za mikono za waliopewa dawa hazikutofautiana kwa uhakika na za wasiopewa. Miongoni mwa waliobakiwa na nguvu kidogo tangu mwanzo, dalili za nafuu zilionekana. Habari kama hii isome nusu zote mbili. Ukisoma nusu ya kwanza tu utasema miaka yote ile imepotea. Ukisoma ya pili tu utauza shamba. Ninavyoisoma mimi: nyuzi zilizobaki hai zinaweza kusaidiwa kuchipua, na jaribio lijalo lina sababu ya kuwachagua watu hao. Dawa ya kununua bado haipo.

Usichanganye pia kuotesha na kuamsha. Zipo mashine zinazopitisha umeme kwenye ugwe, nyingine hupandikizwa, nyingine hubandikwa juu ya ngozi. Hizi hazioteshi uzi; zinaziamsha nyuzi zilizosalia zifanye kazi zaidi, na huenda pamoja na mazoezi mengi. Jaribio moja la mashine ya kubandika shingoni liliwachukua watu 60 waliopooza mikono kwa zaidi ya mwaka, na 72 kwa kila 100 kati yao waliongeza nguvu na matumizi ya mikono. Desemba 2024 Marekani iliiruhusu. Ni habari kubwa kwa mtu wa shingo. Kaka ana mikono yake yote miwili; habari ile si yake, na ukurasa wa kwanza wa daftari ndio ulionijulisha hivyo kwa nusu dakika.

Wanapotaka pesa

Mwaka wa pili, shangazi alituletea anwani ya kliniki moja ya ng'ambo inayouza tiba ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Bei yao ilikuwa sawasawa na mikarafuu yetu yote pamoja na ardhi yake. Baba alikwisha kumwita mnunuzi. Nikamwomba anipe wiki moja, nikawaandikia maswali, na hayo hayo nawaachia:

Seli zinatoka wapi, na zikishaingia kwenye ugwe zinafanya nini? Mmewatibu wangapi wenye herufi A, usawa wa kifua, waliokwisha kupita mwaka? Nani aliwapima kabla na baada, ni mfanyakazi wenu au mtu wa nje? Walilinganishwa na nani? Waliodhurika ni wangapi? Jaribio limeandikishwa wapi, namba yake ni ipi? Na mbona mgonjwa ndiye anayelipa?

Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwenye jaribio la kweli mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa. Namba nayo usiipokee kwa upofu: rejista ya ClinicalTrials.gov hutoa namba inayoanza na NCT, lakini kuandikishwa humo si kuidhinishwa, ni kutaja tu kwamba jaribio lipo. Fungua uone limepangwa vipi.

Walinijibu kwa picha tisa za watu wanaocheka. Hakuna jibu la swali hata moja. Baba alimwambia mnunuzi kwamba hatuuzi.

Seli si maji ya kudunga yakapita. Mwaka 2014 madaktari walichapisha habari ya msichana aliyepandikizwa utando wa pua kwenye ugwe huko Ureno. Miaka minane baadaye akaanza kuumwa mgongo. Walipompasua walikuta uvimbe unaotoa ute mzito kama kamasi. Seli za pua zilikuwa zimeendelea kufanya kazi ya pua. Tena, aliyekwisha kupandikizwa seli mara nyingi hakubaliwi kwenye majaribio mengine, kwa hiyo unaweza kulipa pesa nyingi kufunga mlango ulioungoja.

Mwili unaongoja

Soma masharti ya jaribio lolote, sehemu ya wasiokubaliwa. Utakuta vidonda vya kulalia, maambukizi ya mkojo, viungo vilivyokakamaa. Basi kumtunza mgonjwa ni kumweka tayari, na hapa ndipo ninapotaka nguvu zenu ziende.

Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwakuta watu wakiachwa wafe kwa vidonda na figo. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi. Kidonda cha kwanza cha kaka kilitokea hospitalini, kwenye mfupa wa makalio, wiki ya tatu, kwa sababu hakuna aliyetuambia tumgeuze. Kilianza kama doa jekundu la ukubwa wa shilingi. Bonyeza doa kama hilo kwa kidole: likibaki jekundu bila kupauka, mtoe mgonjwa kwenye upande huo mara moja na usimrudishe mpaka limetoweka. Kwa ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani vizuri, basi gusa kwa mgongo wa mkono utafute joto na ugumu. Chetu tulikichelewesha siku nne, kikachukua miezi saba kufunga.

Sasa kaka ana kioo chenye mpini mrefu, hujiangalia mwenyewe asubuhi na usiku. Akiwa kwenye kiti, akishona kofia zake za viua, hujinyanyua kwa mikono kila baada ya robo saa. Mpira wa mkojo huuingiza na kuutoa mwenyewe kila saa nne hadi sita, baada ya kunawa kwa sabuni. Vifundo vya miguu namnyoosha mimi kabla sijaenda shule. Kama mgonjwa wako ameumia juu zaidi, usawa wa mfupa wa sita wa kifua kwenda shingoni, jua hili nalo: kichwa kikimgonga ghafla, uso ukamtoka jasho, mkalishe wima, mlegeze nguo, angalia kibofu na mpira kama umeziba. Presha yake imepanda kwa hatari. Isipotulia, hospitali upesi.

Usiku nilipomsomea kaka matokeo ya NISCI, alikuwa na kofia magotini, uzi mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Walikuwa wa shingo wote?" Wote. "Na siku 28?" Siku 28. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Andika, mdogo wangu. Kisha acha nafasi chini yake." Nikaandika mwaka, usawa, siku, herufi waliokuwa nazo, walilinganishwa na nani. Chini nikaacha mistari mitano.